Kipimo Mgongoni mwa Paka

Paka wako akianza kunywa maji mpaka anaipanda ndoo ya kuogea, usingoje. Mimi nilingoja msimu mzima wa karafuu nikimsingizia joto, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Skuli niliishia darasa la nne. Ya madaktari siyajui na sitayaandika. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono hii, kwa kuwa nilipotafuta mtu wa kuniambia paka mwenye sukari analelewa vipi, Makangale nzima sikumpata. Walicheka. Wewe sitakucheka.

Jina langu Bi Mize. Nakaa na mume wangu, Mzee Shaame, ambaye haoni. Sukari ilimla jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata. Watoto wametawanyika. Zuwena, binti yetu mkubwa, yuko Maskati na ndiye anayetutazama kwa dawa. Hapa nyumbani tumebaki watatu: mimi, mzee, na paka dume mwekundu anayeitwa Bwana Afya.

Jina hilo alimpa jirani yetu Bi Riziki. Hakuna jiko mtaani petu ambalo paka huyu haingii kulikagua. Anafunua kawa kwa kichwa, ananusa, anatoka bila kuaga. Lakini ikitoka swala ya adhuhuri tu, yuko barazani mapajani kwa Mzee Shaame, na hapo haondoki mpaka magharibi. Mzee akimkosa kidogo anaanza kuita. Mtu mzima, aliyepanda mikarafuu mirefu kuliko minara, anaita, "Afya! Afya! Bi Mize, Afya yuko wapi?" Nilijua siku paka huyu akifa nitabaki na mzee aliyekaa kitako anasikiliza nzi. Sikuwa tayari kwa hilo.

Msimu ule karafuu zilizaa. Tulizianika uani juu ya majamvi, na Bwana Afya kazi yake kila mwaka ni kulala pembeni mwa jamvi awafukuze kuku. Safari ile kuku walipita juu yake. Alikuwa analala, anaamka, anakunywa, anakojoa, anarudi kulala. Alikuwa paka wa kujaa mikono miwili, akawa uti wa mgongo wake unahesabika. Manyoya yakawa kama ya fagio lililokwisha. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, akawa anakanyagia visigino vyote chini, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Nikasema ni joto. Nikasema ni uzee. Nikasema kala mjusi.

Asubuhi moja nafagia nyuma ya nyumba nikaona sisimizi wamejipanga kwenye mchanga alipokojoa. Nikasimama na ufagio wangu. Msafara ule nilikwisha kuuona zamani chooni kwetu, kabla Mzee Shaame hajapimwa, na siku zile niliumwagia maji nikaendelea na kazi zangu. Safari hii sikumwaga maji. Nilikwenda ndani nikachukua mashine ya mzee ya kupimia kidoleni, nikamshika paka, nikamtoboa sikio. Alinichana kutoka kiwiko mpaka kifundo. Mashine ikasoma ishirini na sita. Mzee wangu akisoma kumi na nne simpi chakula cha mchana mpaka atembee uani.

"Nini?" Mzee akauliza, kasikia paka analia.

"Sukari," nikamwambia.

"Yangu?"

"Ya Afya."

Akauliza, "Kaipata wapi?" Laiti ningelijua jibu siku ile.

Nikamtia Bwana Afya kwenye tenga la kuku, nikalifunga kwa kanga, nikaenda naye Wete kwa daktari wa mifugo. Pale nje pana benchi refu, na wagonjwa wanakaa chini miguuni mwa wenyewe. Kulikuwa na mbuzi mwenye kiwele kilichovimba, ndama, na mama mmoja kapakata jogoo. Mwenye mbuzi akanikodolea macho.

"Bi mkubwa, kuku gani huyo anayelia hivyo?"

"Paka."

"Paka naye ana daktari? Si umwache hapo sokoni uokote mwengine? Wamejaa pale kwa wauza samaki."

"Na weye mbuzi wako mwache. Mbuzi nao wamejaa."

Benchi zima wakacheka, na mwenye jogoo akacheka mpaka jogoo akamponyoka. Baada ya hapo hakuna aliyenisemesha, nikakaa kwa raha yangu. Tulingoja mpaka jua likahamia upande wetu wa benchi. Kama unakwenda kwa daktari wa wanyama, chukua maji na kitambaa cha kumfunika mgonjwa wako. Wengine watakutazama sana. Watazamwe na wao.

Daktari Raya ni msichana mdogo tu, kavaa mabuti, mikono inanuka dawa ya kupe.

"Bibi, nani kakwambia ni sukari?"

"Sisimizi."

Hakucheka. "Umempima?"

"Sikioni. Ishirini na sita, kwa mashine ya mume wangu."

"Basi kazi yangu umeshaifanya nusu." Akampapasa paka mgongo, akamtazama miguu. "Atataka sindano mara mbili kwa siku. Pengine maisha yake yote. Na kila siku nijue sukari iko wapi, maana sindano ikizidi inaua upesi kuliko maradhi yenyewe. Utaweza, bibi?"

"Mwanangu, mume wangu nimemsafisha vidonda vya miguu miaka mitatu. Nionyeshe tu pa kuchoma."

Akanionyesha: ngozi ya nyuma ya shingo, uivute juu kama hema, uchome chini yake. Mstari mmoja wa sindano baada ya alfajiri, mstari mmoja baada ya magharibi, na paka awe amekula kwanza. Wali basi, samaki tu. Akaniambia na jambo jingine, nami naliandika hapa ulishike kama nilivyolishika: ukimwona anayumba kama mlevi, sukari imeshuka mno, usiite mtu, mpake asali kwenye ufizi.

Friji sina. Dawa niliiweka kwa Bi Riziki, mlango wa tatu kutoka kwangu, kwenye kile kidirisha cha mayai. Nikawa naingia kwake asubuhi na jioni.

Sindano Bwana Afya hakuijali hata kidogo. Kilichotushinda ni kumtoboa sikio. Siku ya nne alikwisha kuujua mlio wa kile kikopo cha mashine. Nikikifungua tu, yuko juu ya dari. Mikono yangu ikawa kama nimelala kwenye miiba. Ndipo nilipokumbuka vipimo vya Zuwena.

Zuwena alimletea baba yake pakiti ya vipimo vya kubandika, saba kwa jumla. Ni kidude cheupe cha mviringo, kipana kidogo kuliko kizibo cha soda, chini yake kina uzi mwembamba kama unywele unaoingia kwenye ngozi. Kinakaa siku kumi na nne. Ukikisogezea simu kinakuambia sukari ni ngapi, na kinakuchorea mstari wa siku nzima, ulipopanda na uliposhuka. Mzee alibandikwa kimoja mkononi, siku ya nne akakibandua akakitupa uani. "Miye ni mgonjwa," alisema, "si ng'ombe wa kutiwa alama." Vilivyobaki sita vikakaa kabatini.

Nilimpigia simu Daktari Raya nikamuuliza kama kidude cha mtu kinamfaa paka. Akasema huko nje wanawavalisha, amesoma, lakini kwa mkono wake hajapata kumvalisha paka. Nikamwambia basi tutajifunza pamoja. Nilimuuliza na mzee kwanza, kwa sababu ni mali yake.

"Mpe," akasema. "Mimi sikitaki. Mpe Afya."

Kule Wete daktari alimnyoa kwa wembe kiraka cha bega, akampangusa kwa spiriti, akatia tone la gundi, akakibonyeza kidude. Ta! Bwana Afya akageuka nyuma kutazama nani kamgusa. Basi. Tukarudi kwenye benchi kungoja saa nzima mpaka kidude kiamke, na simu ilipolia kwa mara ya kwanza ikasoma ishirini na mbili, yule mama wa jogoo, kaja tena na jogoo wake, akasema, "Hebu nione, hebu nione." Tukatazama pamoja.

Kipimo cha kwanza kilidumu siku tano. Bi Riziki alikuja hodi kakishika kwa ncha ya vidole. "Bi Mize, Bwana Afya kaacha kitambulisho chake jikoni kwangu." Paka alikuwa amejikuna ukutani. Kipimo cha pili nilipombandika nilimshonea kizibao cha kanga kuukuu, chenye matundu mawili ya miguu na kifungo kifuani. Mtaa mzima ulikuja kumtazama. Wacheke. Kizibao kilishika, na kidude kilikaa siku zake zote kumi na nne.

Zuwena akapata habari. Habari za hapa zinafika Maskati kabla sijamaliza kupika.

"Mama, kile kipimo nilichomnunulia baba umemvika paka?"

"Baba yako hakitaki."

"Sasa watu wakisikia?"

"Washasikia. Walikuja kuona kizibao."

"Mama, mimi nafanya kazi huku kwa ajili ya baba, si kwa ajili ya paka."

"Na baba yako anakaa na nani kutwa? Anakaa nawe?"

Nilisema vile, akakata simu. Wiki mbili hakupiga. Neno langu lilikuwa la kweli, na lilikuwa baya. Nalisema hapa kwa sababu maradhi yakiingia nyumbani mtaumana kwa midomo wenyewe kwa wenyewe, hata kama mgonjwa mwenyewe ana mkia.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipokosea.

Ule mstari wa kwenye simu asubuhi ulikuwa unashuka vizuri. Adhuhuri umetulia, kumi na moja, kumi. Ikifika laasiri unapanda kama kilima. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Kila siku, saa ile ile. Nikamtumia Daktari Raya picha ya simu.

"Bibi, laasiri unampa nini?"

"Simpi kitu."

"Bibi, unampa kitu."

"Nimekwambia simpi kitu! Kala samaki wake asubuhi, imeswaliwa adhuhuri, hajatia kitu mdomoni."

Niliudhika. Nikasema basi ni majiko ya watu, huko anakokagua. Nikamtia kamba. Na mahali pa salama kuliko pote nilipopajua ni barazani, nikamfunga kwenye mguu wa kiti cha Mzee Shaame, nikaenda zangu jikoni nimeridhika.

Kilima kikazidi. Siku nyengine vilikuwa viwili, kimoja baada ya chengine. Daktari akasema tuongeze dawa, mistari miwili badala ya mmoja. Baada ya wiki, mstari wa tatu. Nami nikachoma.

Masika yalianza kipimo cha tatu kikiwa na siku sita. Siku hiyo mvua ilishuka tangu alfajiri, ile mvua ya kunyesha kama mtu anayemwaga ndoo na hachoki. Njia ikawa mto. Nilikimbilia mara moja tu kwa Bi Riziki kuchoma dawa ya asubuhi nirudi, kisha sikutoka tena, wala hakuingia mtu. Nilipomaliza kuswali laasiri nikaenda barazani na simu, nikaisogeza kwenye kizibao. Tatu na nukta moja. Na mshale umetazama chini.

Nikamwita Bwana Afya. Akainua kichwa, kikamshinda. Alisimama, akaenda upande, akaanguka juu ya mguu wa mzee. Macho yamekuwa meusi yote. Nikampigia daktari, simu inasema hakuna mtandao, mvua imeukata. Nikakimbilia kabatini nikaleta asali, nikamfumbua mdomo, nikampaka ufizi kwa kidole. Mdomo wake ulikuwa wa baridi. Nikampaka tena. Nilikuwa nasema nini sijui, mzee aliniambia baadaye kwamba nilikuwa namtukana yule paka kwa sauti kubwa.

"Bi Mize," Mzee Shaame akasema, "mpe chai."

"Chai gani?"

"Chai yake. Ya maziwa. Leo hakuja mtu, hajanywa."

Kidole changu kikabaki mdomoni mwa paka.

"Mzee," nikasema, "hiyo chai yake ni chai gani?"

Alikuwa ameshika mguu wa nyuma wa Bwana Afya, anausugua kama anayewasha moto. Na akaniambia, mvua ikinyesha, wala hakupindisha.

Wewe msomaji unajua desturi yetu. Hatumwendei mgonjwa mikono mitupu. Mzee Shaame hapiti laasiri bila mtu wa kuja kumjulia hali, na kila ajaye kashika kitu: mkate wa kumimina, visheti, kipande cha halua. Na alicholetewa mgonjwa ale mbele ya aliyekileta, ndipo mgeni aondoke na moyo mweupe. Mimi kwa upande wangu nilimkataza mzee vitamu vyote, na nilimkataza kwa ukali, nikamwambia akitia kisheti kimoja mdomoni nahama. Na mgeni akifika mimi ndiye ninayepika chai ya maziwa, tamu, nikaitia kwenye chupa, nikaiweka barazani na vikombe, nikarudi jikoni kwangu, kwa kuwa wageni wale ni wake.

"Umenambia nisile," akasema, "sikula. Wallahi hata tonge. Lakini mtu katoka kwake na mkate wa moto, nimrudishe nao? Ananimiminia chai, 'Kidogo tu mzee, haidhuru.' Basi nikimsikia anajimiminia yake, naimwaga kwenye kisahani, nauvunja mkate naulowesha, nakishusha chini. Afya anamaliza. Mgeni akitazama, sahani tupu."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponikataza."

Ilikuwa mwaka wa pili huo. Chai niliyoipika mimi, kwa sukari niliyoitia mimi, na paka nimemfunga kamba mimi pale pale inapomwagwa. Kisha nikamchoma mistari mitatu kupigana na chai yangu mwenyewe, na siku mvua ilipozuia wageni, ile mistari mitatu haikupata cha kupigana nacho ikampiga yeye.

Sikuwa na nafasi ya kukasirika. Nikapaka asali. Nikasogeza simu. Mbili na nukta nane. Nikapaka. Mzee akanisomea dua zake chini chini, mkono haujaacha ule mguu. Nikasogeza simu. Tatu kamili. Tatu na nusu. Bwana Afya akatoa ulimi akalamba kidole changu, ulimi mkavu, wa kukwaruza. Nne na nukta mbili, mshale umegeuka juu. Nikamletea samaki, akala akiwa amelala ubavu.

Ndipo nilipokasirika.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ungenambia nini weye?" akasema Mzee Shaame. "Ungenambia nimfukuze mgeni."

Na kweli ndivyo ningemwambia. Nilimwachia mtu asiyeona kazi ya kukataa peke yake, na mimi ninayeona nimekaa jikoni. Kumkataza vitamu sijutii mpaka leo. Najuta kwamba sikutoka nikayasema mimi kwa wageni.

Kesho yake mvua ilipokatika nilivaa baibui nikaenda. Kwanza nilimpata daktari kwa simu. Akarudisha sindano kwenye mstari mmoja, akasema, "Bibi, nilikwambia unampa kitu," nikamwambia ndiyo, ulinambia. Halafu nikaingia nyumba baada ya nyumba, zote wanaotujia. Maneno yangu yalikuwa yale yale: njooni kumwona mzee, njooni kila siku, lakini msilete kitu kitamu, na chai yangu kuanzia leo haina sukari.

Wengine walisema, "Haya." Kwa Bi Riziki nilifika nimechoka, nikasema vibaya. Nilimwambia, "Mkate wako usiulete tena nyumbani kwangu."

"Mkate wangu?" Akaweka mikono kiunoni. "Huu uliowalisha watu kwenye arusi ya Zuwena?"

"Huo huo. Unaniulia paka."

"Paka! Mimi namletea mgonjwa, weye unanihesabia paka! Haya Bi Mize. Mkate wangu hutauona, na miye hutaniona."

Akanifungia mlango. Na dawa iko ndani ya friji yake.

Basi jioni nikarudi nikapiga hodi. Akafungua, hakusema neno. Akafungua friji, hakusema neno. Nikachukua dawa, nikavuta mstari wangu mmoja, nikairudisha, nikasema asante, mlango ukafungwa. Asubuhi hivyo hivyo, jioni hivyo hivyo. Ningeweza kutafuta friji nyengine. Lakini nilisema moyoni, mtu anayekununia akakufungulia mlango mara mbili kwa siku, huyo hajakuacha.

Kipimo cha nne kilikuwa kigumu kuliko vyote, na paka alikuwa anapata nafuu. Mstari umelala kama bahari kupwa: tisa, nane, kumi, nane. Laasiri hakuna kilima. Na barazani hakuna watu. Wageni walikuja wawili, wakanywa chai isiyo na sukari, wakaona haya kukaa mikono mitupu, hawakurudi. Mzee Shaame alikaa pale na Bwana Afya wake, akisikia nyayo zinapita njiani anageuza uso. Hazisimami.

"Umenifukuzia watu," akanambia.

"Watarudi."

"Na wasiporudi?"

"Nitakaa nawe mimi."

"Weye ukikaa unanigombeza."

"Basi nitakugombeza hapo hapo karibu."

Nikatoa kazi zangu jikoni nikazihamishia barazani. Nikawa nachambua mchele pale, nakuna nazi pale. Siku moja nimeinama na mbuzi yangu ya nazi nikasikia kishindo kidogo, nikainua kichwa, Bwana Afya yuko juu ya dirisha. Ile miguu iliyokuwa inakanyagia visigino imemrusha mpaka dirishani. Nikamwambia mzee. Akanyoosha mkono juu akakuta mkia unaning'inia, akaushika, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa dawa. Bi Riziki akafungua mlango, akafungua friji, akasimama.

"Leo ngapi?" akauliza, anatazama mayai.

"Saba."

"Saba ndiyo nzuri?"

"Nzuri sana."

"Jana?"

"Nane. Na karuka dirishani."

"Mwongo weye."

"Njoo uone."

Laasiri nikasikia hodi. Bi Riziki kaja, kashika sahani iliyofunikwa kawa. Nikasimama, na yeye akaniona ninavyosimama.

"Kaa kitako, Bi Mize, sikuleta mkate." Akafunua kawa: dagaa wa kuchemsha, hawana hata chumvi. "Hawa wa Bwana Afya. Wewe Mzee Shaame sikukuletea kitu, nimekuja na maneno yangu tu."

"Maneno yako nayajua," mzee akasema, "chumvi tupu."

"Afadhali chumvi, sukari kwenu haramu."

Akala Bwana Afya, sahani ikawa tupu, mgeni akaondoka na moyo mweupe. Habari ikatembea. Siku zilizofuata mmoja alileta kichwa cha changu, mwengine mayai mawili, na wakakaa, kwa sababu walichokileta kililiwa mbele yao. Chai wanainywa kavu, wanakunja uso, wanaiombea rehema, wanainywa.

Kipimo cha tano kilipofika katikati, mistari ya simu ikaanza kusoma sita, tano, bila kupanda. Daktari Raya akasema nusu mstari. Kisha akasema asubuhi tu. Kisha akasema, acha tuone. Sikumwamini, usiku na mchana nilikuwa nasogeza simu kwenye kile kizibao. Sita. Tano na nusu. Sita. Kipupwe kilikuwa karibu kuingia nilipokibandua kidude cha tano kwa mafuta ya nazi, pole pole, nikamvua kizibao nikakifua nikakianika. Niliitoa na dawa kwenye friji ya Bi Riziki. Akasema sasa atapata pa kuweka mayai. Daktari amenionya kwamba sukari ya paka inaweza kuondoka na inaweza kurudi, kwa hiyo hata sasa kila Ijumaa namtoboa sikio, na kila Ijumaa ananichana.

Laasiri hiyo Mzee Shaame alikuwa anampapasa Bwana Afya kama kawaida, vidole vikaenda moja kwa moja begani. Vikatafuta. Vikakuta kiraka kilichonyolewa kimeanza kuota manyoya mafupi.

"Hakipo," akasema.

"Hakipo. Kapona, kwa sasa."

Akaendelea kukisugua kile kiraka. "Vilibaki vingapi?"

"Kimoja."

"Paka kavaa vitano," akasema, "na mimi kimoja kilinishinda." Akakunja mkono wa kanzu mpaka begani. "Haya. Lakini kizibao sivai."

Nikampangusa kwa spiriti, nikakibonyeza. Ta! Hakutikisika. Zuwena nilitaka kumpigia pale pale, nikajizuia, namjua baba yake. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne nilimwona anakigusa, anakizungusha kidole pembeni, Bwana Afya mapajani. Nikasimama mlangoni na mwiko wangu. Akashusha mkono, akaurudisha kwa paka.

Siku ya tano nilimpigia Zuwena.